Pungufu ya Maili Elfu Moja

Mume wangu hutengeneza mashine za eksirei. Hospitali zenye mashine hizo ni nyingi na mafundi wake ni wa kuhesabu, kwa hiyo tangu tuoane amelala hotelini zaidi kuliko nyumbani. Simlaumu kwa hilo. Mtu aliyevunjika nyonga hawezi kungoja fundi amalize chai na mkewe. Nasema tu ilivyokuwa, asije mtu akadhani nilianza safari hii nikiwa na hasira zangu za zamani.

Hoteli anazolala zote ni za kampuni moja. Hilo ni sharti lake mwenyewe, si la ofisi. Mji ukiwa na hoteli nzuri mlangoni kabisa mwa hospitali, ataipita aende upande wa pili wa mji ilipo hoteli ya kampuni yake, kwa sababu kule kila anapolala anaandikiwa pointi. Pointi zikiwa nyingi unapewa chumba bure. Unapandishwa daraja pia, na ukishapanda daraja unawekewa mezani chupa mbili za maji na kadi yenye jina lako. Kadi hizo alikuwa anakuja nazo nyumbani. Nilizikuta siku moja kwenye droo ya soksi, zimefungwa mpira kama noti za mfanyabiashara.

Binti yetu, ambaye ni wa pekee, ndiye aliyembandika baba yake jina la Mgeni Rasmi. Alikuwa darasa la nne. Baba karudi safari, kaoga, katoka bafuni akadondosha taulo sakafuni na kuliacha palepale, kama wanavyofanya hotelini. Binti akaniita, "Mama, mgeni rasmi anataka taulo jingine." Baba mwenyewe alicheka kuliko sisi, na jina likaganda.

Mimi nashona mapazia. Chumba cha mbele cha nyumba yetu kina cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia na marobota ya vitambaa yaliyoegemezwa ukutani. Kazi yangu haina pointi. Mteja akirudi mara kumi, anachopata ni kwamba nakumbuka upana wa dirisha lake bila kupima.

Binti aliolewa akahamia mbali, ndege mbili na kungojea katikati. Mwezi wa sita alinipigia simu akaniambia ana mimba ya miezi mitano, na daktari amempa tarehe ishirini na mbili ya mwezi wa kumi. Mumewe, mkwe wangu, anafanya kazi kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa, kwa zamu, na simu zao wanaziacha kwenye makabati getini.

"Nataka uwe hapa mwanzo wa mwezi wa kumi, mama," alisema. "Usije baada ya mtoto. Hospitali wanaruhusu mtu mmoja chumba cha kujifungulia, na nimewaandikia jina lako."

Sikumuuliza kwa nini. Anajua nilivyomzaa yeye. Baba yake alikuwa ameitwa kwenye mashine iliyozimika, siku mbili kwa barabara, na niliyemshika mkono alikuwa nesi ambaye kila dakika tano alitakiwa kwingine, kwa hiyo alikuwa ananiachia kidole kimoja. Nilimsimulia binti hadithi hiyo mara nyingi mno, nikiifanya kichekesho. Kumbe yeye alikuwa anaisikia vingine. Nikamwambia nitakuwepo.

Nauli ilikuwa sawa na mapazia ya miezi minne, na tulikuwa tumetoka kuezeka paa upya, hatuna kitu. Mume wangu hakushtuka hata kidogo. Alitoa simu, akafungua programu ya hoteli, akanionesha. Pointi laki moja na sabini na saba elfu.

"Nauli ndiyo hii," akasema.

Ila ndege haijui pointi za hoteli. Inajua maili. Na ili pointi ziwe maili lazima uzibadilishe, na katika kubadilisha, pointi tatu zinakuwa maili moja. Alinieleza jambo hilo kwa sauti ya chini, kama daktari anayeita ndugu wa mgonjwa pembeni.

"Unaweka tatu unachukua moja," nikasema. "Nani anafanya biashara hiyo?"

"Hakuna mwenye akili anayefanya. Pointi za hoteli ukizilalia zina thamani. Ukizibadilisha umezichinja. Hizi ni usiku tisa wa bure, mama, tena hoteli ya ufukweni, na kifungua kinywa."

"Mimi nina kitanda."

"Najua una kitanda. Nakuonesha hasara tu."

Kisha akachukua chaki yangu ya kushonea, akapiga hesabu juu ya meza ya kukatia. Kila ukibadilisha pointi elfu sitini kwa mkupuo, kampuni inakuongezea maili elfu tano. Kwa hiyo laki na ishirini elfu zinakupa maili elfu hamsini, nyongeza mbili zikiwa ndani. Zilizobaki, elfu hamsini na saba, hazifiki mkupuo wa tatu, hazina nyongeza, zinakuwa maili elfu kumi na tisa. Jumla elfu sitini na tisa. Tiketi ya kwenda na kurudi ni maili elfu sabini.

"Pungufu ya maili elfu moja," akasema, akapiga mstari chini. Alikuwa amefurahi. Nimemwona na furaha ile akitazama picha ya mfupa iliyotoka vizuri. "Nikipata pointi elfu tatu tu, tunafika laki na themanini, nyongeza ya tatu inaingia, tunakuwa na maili elfu sabini na tano. Nikilala kazini usiku mbili, tumemaliza."

Ilikuwa bado mwezi wa sita. Nikafuta meza nikaendelea na kazi.

Mwezi wa nane alikuwa na safari. Ikaahirishwa, kwa sababu hospitali yenyewe ilikuwa haijamaliza kuvuta umeme wa chumba cha mashine. Mwezi wa tisa mwanzoni alikuwa na nyingine, na hiyo ikafa kwa sababu ya kipuri kilichokwama forodhani. Kila jioni alikuwa anafungua ukurasa wa ndege na kunisomea. Viti vya maili kwenye kila ndege huwa vichache, viwili au vitatu, na alikuwa ananiambia vilivyobaki kama mtu anayetoa habari za hali ya hewa. Tarehe mbili vipo. Tarehe mbili vimekwisha, tarehe sita vipo. Mimi viza nilikwishapata, ya kukaa mpaka katikati ya mwezi wa kwanza. Nilikuwa nimeshona mashuka sita ya mtoto kutokana na mabaki ya bitana ya pamba, na begi lilikuwa limelala wazi chini ya cherehani ya pili.

Nilimwambia mara moja, "Tubadilishe hizi tulizo nazo, hiyo elfu moja tutajua huko mbele."

"Ukishabadilisha hakuna kurudi nyuma," akanijibu. "Tukibadilisha leo, nyongeza ya tatu tumeitupa."

Nikanyamaza. Kitambaa nami nakikata mara moja, na mteja akinisukuma nikate kabla sijapima sawasawa humwambia atoke nje apunge upepo. Nikaona mwenzangu anapima. Kunyamaza huko ni kosa langu mimi, na nalibeba.

Mwisho wa mwezi wa tisa akaniaga. Kapata kazi ya siku mbili, mji wa jirani, mashine ndogo ya meno. Akabeba begi la vifaa akaondoka.

Kesho yake alipita kaka yangu mdogo. Anaendesha gari la dobi, kazi yake ni kuchukua mashuka machafu hotelini na kurudisha masafi. Alikaa kwenye robota la kitambaa, akanywa chai, akauliza, "Shemeji yuko wapi?"

"Safari."

Akakitazama kikombe. "Safari gani, dada? Nimemwona asubuhi pale hotelini njia panda. Amevaa kandambili anakunywa chai."

Hoteli ya njia panda ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka mlangoni petu.

"Na nani?"

"Peke yake. Ana gazeti."

Ningependa kusema nilicheka. Sikucheka. Kwa muda wa kutia uzi kwenye sindano nilikuwa mwanamke aliyeambiwa mumewe yuko hotelini, na kila kitu ambacho mwanamke huyo huhisi nilikihisi. Halafu nikakumbuka pointi. Nikaona nafuu, nikaona haya kwa kuona nafuu, kisha hasira ikarudi ikiwa ya aina nyingine kabisa.

Nilikwenda kwa miguu, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Kijana wa mapokezi alipiga simu chumbani, nikaruhusiwa kupanda. Mume wangu alifungua mlango akiwa na fulana ya ndani. Kitanda kilikuwa kimelaliwa upande mmoja tu. Juu ya meza kulikuwa na chupa mbili za maji na kadi.

"Nilitaka nikushtukize," akasema.

"Umenishtukiza. Umelipa wewe?"

"Nimelipa mimi. Usiku mbili. Jumatano tunavuka laki na themanini."

Nilikaa kwenye kiti nikatazama pazia, maana ndicho kitu nilichoweza kukitazama bila kupaza sauti. Upindo ulikuwa umeshonwa hovyo, bitana imevutika upande mmoja, na ndoano moja ilikuwa imeachwa inaning'inia. Watu wanalipia vyumba vile. Nikamuuliza ni bei gani, akanitajia, nikajumlisha kichwani mara mbili kwa kudhani nimekosea. Lakini usiku wa kwanza alikwishaulala na wa pili alikwishaulipia, na ilipofika pale, kumwacha aumalize ndiyo ilikuwa busara. Nikarudi nyumbani. Aliniambia njiani nipite kwenye kivuli.

Pointi haziingii siku unayotoka hotelini. Zinangoja siku kadhaa, wenyewe wanajua kwa nini. Ziliingia tarehe sita mwezi wa kumi. Tarehe saba, Jumatano, tulikaa pamoja kwenye meza ya kukatia akabonyeza kitufe, na simu ikatuambia kwamba ombi limepokelewa na maili zitafika ndani ya siku tano za kazi. Laki na themanini zote zikawa sifuri. Kwenye ndege kulikuwa na kiti kimoja cha tarehe kumi na nne. Nilimwambia binti, akasema, "Tarehe kumi na nne ni sawa, mama, bado nitakuwa na wiki nzima." Alikuwa anasema polepole, anahema.

Jumapili tarehe kumi na moja, nikiwa nakunja mashuka yale, simu ikalia. Alikuwa binti. Chupa ya uzazi imepasuka, siku kumi na moja kabla ya tarehe. Alikuwa amekwishafika hospitali na teksi. Mumewe alikuwa ghalani ndani ya baridi, simu yake kabatini getini, na mlinzi aliyepokea ujumbe alisema atampelekea.

Nesi wa kule alimruhusu kuweka simu juu ya mto. Kwa hiyo nilimsikia. Niliiegemeza simu yangu kwenye mkasi mkubwa, nikainama juu ya meza, mume wangu akasimama mlangoni hakuthubutu kuingia. Binti hakuniuliza kitu kingine isipokuwa kimoja. "Mama, upo?" Nami nasema, "Nipo." Baada ya dakika mbili, "Upo?" "Nipo." Zilikuwa saa nne nzima. Kila niliposema nipo, nilijua nadanganya, na nadhani naye alijua. Kisha sauti za watu wengi, kisha kilio chembamba, kisha mtu akaichukua ile simu akaizima, bila shaka kwa nia njema tu ya kupanga kitanda.

Mtoto ni wa kike. Mkwe wangu alifika robo saa baadaye, na glavu za kazini bado ziko mfukoni.

Maili zetu zilifika Jumanne. Elfu sabini na tano, kamili kama ilivyoandikwa kwa chaki. Mume wangu alikuja na simu mkononi akaniambia zimefika na kwamba kile kiti cha tarehe kumi na nne kimechukuliwa. Nikamwambia anipe namba ya simu ya kampuni ya ndege. Nilikuwa nimechoka kusomewa.

Aliyepokea alikuwa dada mmoja mwenye sauti ya upole. Akanitafutia, akapata kiti tarehe kumi na tisa, akanikatia tiketi mimi nikiwa bado simuni. Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini nikamuuliza, kwa kutaka kujua tu, "Mwanangu, mtu akiwa na elfu sitini na tisa, akapungukiwa elfu moja, huwa anafanya nini?"

"Ananunua, mama," akasema. "Tunauza maili kuanzia elfu moja. Analipa kwa kadi hapo hapo, dakika moja zinaingia."

Akanitajia bei. Ni chini ya ninachotoza kupindisha upya pazia moja la dirisha la jikoni. Ule usiku mmoja wa hoteli ya njia panda ungenunua elfu moja hiyo mara tatu na chenji ikabaki. Nikamshukuru nikakata.

Mume wangu alikuwa amesimama upande wa pili wa meza. Alisikia.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Maili hazinunuliwi," akaanza. "Mtu anayejua mambo haya hawezi kununua maili. Zile wanauza kwa watu wasio..." Akaishia hapo. Akakaa kwenye robota la kitambaa, mikono magotini. "Nilijua. Tangu mwezi wa sita nilijua."

Nikaiweka simu mezani.

"Nilikuwa nasogeza siku mbele."

"Kwa ajili ya nini?"

"Sijawahi kulala humu bila wewe," akasema. "Hata mara moja. Nimehesabu. Hotelini kuna mtu chini. Unabonyeza sifuri, mtu anaitika. Kwenye korido taa haizimwi. Humu ukiondoka wewe, friji ikiunguruma sitajua kama ni friji. Nikasema nisogeze kidogo, badala ya kukaa huko miezi mitatu na nusu ukae mitatu. Sikujua kama mtoto atawahi."

Mwanamume huyu anafungua mitambo yenye umeme wa kumkausha mtu alipo. Ana miaka hamsini na nane. Nilimtazama nikaona kwamba anasema kweli, na kuona hivyo hakukunisaidia chochote.

"Binti huyu nilimzaa peke yangu, wewe uko hotelini," nikamwambia. "Nilikusamehe siku ile ile, kazi ilikuita. Leo amezaa yeye, peke yake, na mimi sikuitwa na kazi. Nilikuwa hapa kwenye meza hii namwambia nipo. Umenifanya nimkose kama ulivyomkosa wewe. Hilo sijui nitalisamehe lini, na usiniulize."

Hakuniuliza. Alilia, bila kelele. Sikumbembeleza. Nilikuwa na mapazia ya watu ya kumaliza kabla ya tarehe kumi na tisa, na nikavuta kitambaa nikakata.

Niliwakuta mtoto ana siku tisa. Binti alinifungulia mlango mwenyewe, amembeba, akanikabidhi mtoto kabla sijaweka begi chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno, na nilikuwa nimepanga majibu yangu ndani ya ndege zote mbili. Aliuliza tu, "Baba hajambo? Nani anampikia?" Ningeona afadhali angenigombeza.

Mume wangu hupiga simu asubuhi zangu, ambazo kwake ni saa za kulala. Juma la kwanza alikuwa anauliza mambo ya mtoto, uzito, macho, amefanana na nani. Asubuhi moja nilikuwa naanika nepi kwenye kamba ya barazani, binti amelala, akapiga na hakuuliza habari za mtoto.

"Hujalala?" nikasema.

"Bado. Nimekagua mlango mara tatu. Nimewasha taa zote."

Nikaendelea kubana nepi. Nilisikia redio upande wake, chini chini.

"Hivi wewe ulikuwa unafanyaje?" akauliza. "Miaka yote ile."

Katika ndoa yetu nzima lilikuwa swali ambalo hajawahi kuniuliza, na jibu lake ninalo lote. Nilikuwa nasukuma meza ya kukatia mpaka ikagusa mlango. Nilikuwa namchukua binti kitandani kwake namleta kwangu, asubuhi namwambia alikuwa analia kwa baridi, naye hakulia. Nilikuwa nashona mapazia ambayo hakuna aliyeyaagiza, ili cherehani iwe inasema. Ningeweza kumwambia yote hayo, na ingekuwa haki yangu.

"Utazoea," nikamwambia.

"Inachukua muda gani?"

"Si muda mrefu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiniambia yeye, akipiga kutoka hotelini, na mimi nilikuwa namwamini mpaka anapokata simu.